Riba Haingoji Mwisho wa Mwezi

Kariakoo ni mahali pa wasafiri. Jina lake lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo ya wengine kwa miguu. Leo wenyeji wa mitaa hiyo hubeba mizigo yao wenyewe, na hubeba kwa ndege. Haipiti wiki ila katika Mtaa wa Congo, Aggrey au Sikukuu utasikia kwamba fulani yuko Guangzhou anafunga kontena, fulani ameshuka Dubai kutazama bei za Deira, na fulani amempeleka mzazi India kwa matibabu. Na ikiingia miezi ya Rajab na Shaaban, kisha msimu wa Hija, hakuna msikiti kati ya Mnazi Mmoja na Gerezani usiokuwa na muumini anayeagwa.

Wasafiri wote hawa, mfanyabiashara na mgonjwa na hujaji, wana swali moja linalowafuata tangu wanapokata tiketi: fedha tutazibebaje? Sisi tumelikuta swali hilo nyumbani kwetu kwa namna ambayo hatukuitarajia, na ndiyo maana tumeona tuwaandikie ndugu zetu katika ukurasa huu wa familia, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa mfuko na linagusa dini pia.

Swali si jipya. Wafanyabiashara wa Kiislamu wa karne za mwanzo walikuwa na suftaja, hati ya kulipwa mji wa mbali fedha uliyokabidhi mji wako, na mafakihi waliijadili kwa kina. Katika mwambao wetu wafanyabiashara wa Kihindi walitumia hundi kwa kazi kama hiyo baina ya Unguja na Bombay. Wazee wetu waliokwenda Hija kwa meli walishona fedha katika mishipi. Sisi tuliozaliwa nyuma tulizoea dola zilizobadilishwa mjini, mpaka mwanzoni mwa 2019 serikali ilipofanya operesheni kubwa katika maduka ya kubadilisha fedha na mengi yakafungwa. Wengi wakaelekea benki, na huko benki wakakutana na kadi.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, maana kadi zafanana kwa sura na hazifanani kwa hukumu. Kuna kadi iliyofungwa na akaunti yako: ukitoa fedha Madina, shilingi zako za Dar es Salaam zinapungua palepale. Hiyo ni mali yako inayokufuata. Na kuna kadi ya mkopo: ukitoa fedha, hupungui kitu siku hiyo, kwa sababu ulichokitoa si chako. Umekopa. Mashine ni ileile, namba za siri huingizwa vilevile, na noti zinazotoka ni zilezile.

Mwenye kadi ya mkopo huambiwa, na ni kweli, kwamba akinunua kitu dukani hupewa siku kadhaa za kulipa bila riba, mradi alipe deni lote kabla ya tarehe iliyowekwa. Jambo lisilosemwa kwa sauti ni kwamba kwa kawaida muhula huo ni wa manunuzi tu. Fedha taslimu haina muhula. Riba yake huanza kuhesabiwa siku ileile noti zinapotoka, na huhesabiwa kila siku mpaka deni liishe. Aidha, kiwango chake mara nyingi ni kikubwa kuliko kile cha manunuzi. Juu ya riba kuna ada ya kutoa fedha, kuna nyongeza ya kubadilisha shilingi kuwa sarafu ya kigeni, na pengine kuna ada ya benki yenye mashine.

Tuchukue mfano wa namba rahisi, kwani kila benki ina jedwali lake. Msafiri ametoa riyali 3,000 za Saudia. Riyali imefungwa na dola kwa kiwango cha 3.75 tangu 1986, kwa hiyo hizo ni dola 800. Tuseme ada ya kutoa ni asilimia 3, nayo ni dola 24. Tuseme nyongeza ya kubadilisha fedha ni asilimia 2, nayo ni dola 16. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi, yaani karibu senti 80 za dola kwa kila siku. Akilipa kesho yake, jumla ya gharama ni dola 40 na senti 80. Akingoja taarifa ya mwezi, kisha akangoja tarehe ya mwisho ya kulipa, siku 50 zikapita, riba peke yake imefika dola 40 na gharama yote ni dola 80. Hiyo ni sehemu moja katika kumi ya fedha alizozitoa. Na akilipa kile kiwango cha chini tu anachotakiwa kila mwezi, hesabu hiyo haina mwisho wa karibu.

Mfano huu waonyesha mambo mawili. Ada haipungui kwa haraka yako, ikishakatwa imekatwa. Riba, kinyume chake, ni mtoto wa siku. Kila siku unayoiondoa katikati umeondoa na sehemu yake. Basi atakayeambiwa kwamba hakuna la kufanya mpaka taarifa ije, asikubali.

Sasa tueleze lililotufika. Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja, na maisha yetu yote ni duka la vitambaa vya mapazia, hatua chache kutoka Mtaa wa Congo. Bi Mkubwa alipotimiza miaka 71 tulichangishana, kila mmoja kwa zamu yake ya mchezo, mpaka safari yake ya Umra ikatimia. Alifuatana na dada yetu pamoja na mumewe. Fedha za matumizi ziligawanywa mafungu matatu: dola taslimu kiasi, akiba katika kadi ya akaunti ya dada, na kadi ya mkopo ya shemeji, aliyopewa kazini kwake na ambayo haikuwa katika hesabu zetu. Benki ya dada ilikwisha kuarifiwa safari hiyo kwa barua wiki nzima kabla.

Siku ya tisa, mjini Madina, Bi Mkubwa aliteleza akaumia nyonga. Matibabu ya mwanzo yaligharimiwa na bima inayoambatana na viza ya Umra, na kwa hilo tunashukuru. Lakini bima haikulipia siku za ziada za hoteli, wala kiti cha magurudumu, wala tofauti ya tiketi tatu zilizobadilishwa tarehe. Dola taslimu zikaisha. Dada akaenda kwenye mashine, na kadi yake ikakataliwa. Akajaribu mashine ya pili, ikakataliwa tena. Benki ile, ambayo hatutaitaja jina, ilikuwa imeifunga kwa sababu za usalama, na simu ya huduma kwa wateja iliita usiku ule bila kupokewa.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa shemeji alipopiga simu.

"Shikamoo, kaka," alimwambia mkubwa wetu. "Ninayo ile kadi yangu ya mkopo. Naweza kutoa sasa hivi. Lakini nimeona niulize kwanza, maana hii si fedha yangu peke yangu, na Bi Mkubwa mwenyewe akijua atauliza."

Ni kweli angeuliza. Mama yetu ni mtu aliyekataa mkopo wa duka mwaka ule biashara ilipotaka kufungwa, kwa sababu haukuwa safi, na akauza hereni zake. Kumlipia kitanda cha Madina kwa fedha za riba lilikuwa jambo zito kulitamka. Mdogo wetu akasema kwamba mgonjwa hangoji fatwa. Mkubwa wetu akasema kwamba ndiyo sababu ya kumwuliza mwenye elimu upesi, si sababu ya kutomwuliza. Wote wawili walikuwa na haki.

Ustadhi wa msikiti wetu alipokea simu saa tano usiku. Aliuliza maswali manne: Je, kuna mtu Madina wa kuwakopesha? Je, kuna njia ya kutuma fedha ifike usiku huu? Kinachohitajika ni kiasi gani hasa? Na je, mnao uwezo wa kulilipa deni hilo kesho? Tulipomjibu, alisema kwamba haja ya mgonjwa asiye na pa kulala ni haja ya kweli, na kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake: watoe wanachokihitaji wala wasitoe zaidi, na sisi tulioko hapa tufanye kila tuwezalo deni lisilale na riba. Akaongeza neno ambalo hatujalisahau: "Dharura ni mlango wa kutokea moto unapowaka. Asiujenge mtu kuwa mlango wake wa kila siku."

Shemeji alitoa riyali 3,000 tu. Kazi ikabaki ya kupata shilingi zake kabla ya Ijumaa kupita, kwani tulijua kwamba malipo yanayokosa siku ya kazi huweza kuonekana benki Jumatatu, na siku tatu zingekuwa za riba. Fedha za duka zilikuwa zimeingia katika mzigo. Asubuhi hiyo jirani yetu muuza vyombo, mama mtu mzima ambaye zamu ya mchezo ilikuwa yake wiki ile, alisikia habari. Alimwita kijumbe akamwambia, "Wapeni hawa. Mimi nitachukua siku yao." Hakutaka kuandikiana, sisi ndio tuliosisitiza iandikwe, kwa kuwa Qur'ani katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, imeagiza madeni yaandikwe.

Saa nne na nusu mdogo wetu alikuwa dirishani benki, mjini, Mtaa wa Samora, analipa katika kadi ya shemeji kiasi kilichotolewa pamoja na ada. Alimwomba karani amthibitishie kwamba malipo yameelekezwa kwenye deni la fedha taslimu. Karani alishangaa kidogo, kisha akathibitisha. Tuliwahi sala ya Ijumaa. Jumatatu yake kadi ya dada ilifunguliwa, na siku sita baadaye Bi Mkubwa alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Alipoambiwa yote, alinyamaza kitambo, akauliza, "Yule mama wa vyombo mmeshamrudishia?" Tulikuwa hatujamrudishia bado. Alituambia tusimpe nafasi ya kukumbusha.

Tumetafakari sana baada ya hapo juu ya tofauti ya mikopo miwili iliyokutana katika jambo moja. Mmoja ulitoka katika mashine kwa dakika moja, na saa ikaanza kuhesabu. Mwingine ulitoka kwa mama wa sokoni ambaye naye alikuwa na mahitaji yake, na hakuna saa iliyohesabu. Huo wa pili ndio mkopo mwema, qardhi hasani, ambao dini yetu inausifu. Nao upo Kariakoo kila siku, ila hauna tangazo barabarani.

Ama hukumu ya kadi zenyewe, wanazuoni hawakuliacha jambo hili gizani. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh Septemba 2000, lilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo zisizo na akiba nyuma yake. Kwa muhtasari, lilisema kwamba haijuzu kutoa wala kutumia kadi yenye sharti la riba, hata kama mwenyewe ananuia kulipa ndani ya muhula. Kuhusu kutoa fedha taslimu, lilisema kwamba huo ni mkopo kutoka kwa mtoaji wa kadi. Hauna ubaya ikiwa hauambatani na nyongeza ya riba. Ada maalumu isiyofungamana na ukubwa wa fedha wala urefu wa muda, iliyo malipo ya huduma halisi, haihesabiwi kuwa riba. Kinachozidi huduma halisi ni riba iliyoharamishwa.

Kipimo hicho kinamsaidia mtu wa kawaida kuliko anavyodhani. Ukisoma jedwali la ada za benki yako, jiulize juu ya kila mstari: Je, hiki ni kiasi kimoja kwa kila atoaye, au kinakua kadiri ninavyotoa zaidi na kadiri ninavyochelewa? Kinachokua kwa muda ndicho cha kukimbiwa kwanza. Kwa maneno mengine, kwa Mwislamu kupunguza riba si kikomo cha safari. Riba ndogo ni riba. Tunapopunguza tunakuwa kama mtu anayetoka ndani ya maji: kila hatua ni afadhali, lakini lengo ni nchi kavu.

Na nchi kavu ipo, Alhamdulillah, kuliko ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Benki ya Amana, iliyofunguliwa 2011, inafanya kazi yake yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo, kama CRDB ilivyofanya 2021 kwa huduma iitwayo Al Barakah. Asafiriye kwa kadi iliyofungwa na akaunti yake yumo katika usalama wa dini kwa sehemu kubwa, na kilichobaki kwake ni kupunguza ada tu.

Kutokana na lililotupata, na yale tuliyoyakusanya kwa ndugu wanaokwenda China na Ghuba mara kwa mara, tunawausia wasafiri haya.

Kwanza, beba kadi mbili za akaunti, za benki mbili tofauti, na ziwe kwa watu wawili tofauti. Arifu benki safari yako, kisha kabla ya kuondoka uliza kama kikomo cha kutoa kwa siku kinatosha na kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Barua peke yake, kama ilivyotudhihirikia, haitoshi, pata jibu.

Pili, beba noti kiasi. Dola ziwe safi, zisizochanika na za toleo jipya, kwa sababu noti kuukuu hukataliwa au hupunguzwa thamani. Kumbuka kwamba anayevuka mpaka wa Tanzania na fedha zinazofikia dola 10,000 hupaswa kuzitolea tamko, na kwamba China hutaka tamko kwa zaidi ya dola 5,000.

Tatu, ikiwa kadi ya mkopo ndiyo pekee uliyo nayo, weka fedha zako ndani yake kabla ya kusafiri, ili salio liwe upande wako. Kwa benki nyingi utakapotoa utakuwa unatoa chako, na riba haina pa kushika. Iulize benki yako kwa maandishi kama ndivyo inavyofanya, na kama ada ya kutoa inabaki palepale.

Nne, pasipo dharura usiifanye kadi ya mkopo kuwa njia ya kupata noti. Kama hoteli au duka la dawa linapokea kadi, lipa kwa kadi ya akaunti moja kwa moja.

Tano, mashine ya ugenini ikikuuliza kama wataka ukatwe kwa shilingi au kwa sarafu ya nchi ile, chagua sarafu ya nchi ile. Kukatwa kwa shilingi huonekana kama wema, lakini kiwango chake huwekwa na mwenye mashine, na mara nyingi ni kibaya. Kwa riyali na dirhamu kipimo ni chepesi: dola moja ni riyali 3.75, na tangu 1997 ni dirhamu 3.6725. Ukipewa pungufu sana ya hapo, fahamu kuna aliyekula kati.

Sita, ikibidi kutoa kwa mkopo, toa mara moja kiasi cha haja yako, kwa sababu ada nyingi hukatwa kila unapotoa. Kisha awepo mtu nyumbani mwenye namba za malipo, alipe siku ileile au kesho yake, na aepuke kuangukia mwisho wa wiki. Alipe deni lote la kadi ikiwezekana, maana baadhi ya benki huelekeza malipo kwenye manunuzi kwanza na kuliacha deni la fedha taslimu likiendelea kuzaa.

Saba, baada ya mwezi mmoja rudi benki uulize kama kuna kisalio. Riba ya siku moja au mbili huweza kuchelewa kuandikwa, ikatokea katika taarifa inayofuata, na kutoka hapo ikaanza upya kimyakimya.

La mwisho halihusu benki. Desturi yetu ni kwamba anayekwenda Hija au Umra huomba radhi, hulipa madeni yake na huandika wasia. Tunaona wasia mwingi ukitaja shamba la Kisarawe, duka la Kariakoo na dhahabu ya bibi, lakini hautaji kadi iliyomo ndani ya pochi. Kadi hiyo ni deni linaloweza kuamka wakati mwenyewe amelala, na warithi wasiojua hawawezi kulilipa. Kabla ya kufunga begi, andikeni: benki ipi, kiasi gani, nani wa kulipa, kwa fedha ipi. Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama, awarudishe wakiwa hawadaiwi, na awalipe kheri wale wanaokopesha bila kuhesabu siku. Amin.